Muuza Laptop wa Makiso

Muuza laptop wa mtaa wa Makiso, hapa Kisangani, haachii waya wa umeme wa laptop zake. Anaushika kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi wa wizi. Ukitaka kuuchomoa, anakupiga mkono kwa upole. Sauti yake ni ya kuongoza rozari, na kila kasoro anaisingizia vita. Herufi zimeng'oka? "Vita ya Goma, mukubwa." Kioo kina ufa? Vita.

Djamila, jirani yangu, alitaka kujifunza kutengeneza tovuti. Mama yake alikuwa ameuza cherehani yake ili anunuliwe laptop, kwa hiyo mashine mbovu ingewaacha wote wawili bila kazi. Tulipofika kwenye meza ya muuzaji, nikamnong'oneza afanye kama sisi wa Kisangani: asilipe kabla umeme haujakatika. Tukangoja, tukisifia kila takataka.

"Tonton, batri iko muzuri?" Djamila akamwuliza, kana kwamba ni mjomba wake.

"Inakesha kama mulinzi, binti yangu."

Mara umeme wa bwawa la Tshopo ukakatika. Vioo vyote vikafa mezani. Kilichobaki kuwaka ni kile cha laptop aliyoipakata muuzaji mwenyewe, filamu ikiendelea.

"Bon, basi nipatie hiyo," Djamila akasema, akiielekezea kidole.

"Hii? Hii iko yangu!"

"Zako ni zile za mezani, tonton."

Kwa mara ya kwanza akauachia waya, akaikumbatia laptop yake kwa mikono miwili.