Shorumu ya Nguzo ya Tatu

Neno shorumu nililisikia mara ya kwanza Jinja, kinywani mwa tajiri wangu, siku aliporudi kutoka Nairobi alikokwenda kumtembelea ndugu yake. Mimi nilikuwa seremala wake. Nilimtengenezea kaunta, rafu, na masanduku ya kusafirishia vyerehani alivyouza. Shule niliyopata ilinitosha kusoma futi na kuandika mambo yangu kwa makosa, kwa hiyo msomaji asiniamini sana. Nitajitahidi tu kumtendea haki kila mtu, hata walionikera.

"Fundi," tajiri aliniambia, "Nairobi siku hizi hawarundiki vitu. Wanaonyesha. Kimoja hapa, kimoja kule, katikati hakuna kitu. Mteja anaingia, anashangaa, ananunua."

"Na hapo katikati pasipo na kitu, bwana, pana kazi gani?"

"Hapo ndipo pana ughali wake."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Mpaka leo sina hakika kama yeye mwenyewe alielewa, lakini yeye alikuwa amefika Nairobi, mimi sikuwa nimefika.

Shorumu hiyo aliitaka Mbale, katika jumba alilojenga marehemu baba yake wakati mji ule ungali vichaka na maghala ya pamba. Masharti yalikuwa mawili: kila kitu kiwe kipya, na jumba lisiguswe. Mkwe wake, kijana aliyesomea uchoraji wa majumba huko Bombay mpaka homa ikamrudisha nyumbani, alipewa kazi ya kuwaza. Mimi nilipewa kazi ya kupiga randa. Tukapakia vioo kwenye lori, tukavifunga kwa magodoro, na kila tulipopita shimo njiani mkwe alifumba macho.

Jumba lenyewe lilikuwa zuri, sitaki kulidharau. Kuta nene za mawe, milango mizito ya kukunja yenye makomeo ya chuma, mwaka wa kujengwa umechongwa kwenye chokaa juu ya paji lake, na mbele baraza ndefu yenye nguzo za duara. Kwenye nguzo ya tatu alikaa fundi cherehani.

Ndivyo ilivyokuwa desturi ya miji yetu. Mhindi anauza kitambaa ndani, fundi anashona barazani, na mteja anapimwa kabla hajashuka ngazi. Fundi hana mkataba. Anafagia baraza asubuhi, basi mahali ni pake. Huyu alikuwa Mgisu, mwenyeji wa huko, mwenye maneno, na baba yake alikuwa amekaa hapo hapo kabla yake. Mishono yake, niseme kweli, haikuwa ya ajabu. Kola zake zilikuwa na tabia ya kutazama pembeni. Lakini kuanzia mtaa wa Nkoma mpaka ule wa Malukhu watu walimjua kama fundi wa nguzo ya tatu, na hawakujua zaidi ya hapo.

Mkwe alikunjua karatasi yake juu ya kaunta ya zamani. "Shorumu lazima iwe na wazo moja," alisema.

"Moja tu?" niliuliza.

"Moja. Letu ni utulivu."

Wazo lilikuwa hivi. Vioo vitasimama kati ya nguzo mpaka baraza iwe chumba. Ndani, majukwaa ya chini yaliyofunikwa kitambaa cheupe, kila jukwaa na cherehani chake. Milango ifungwe nusu, mwanga uingie kwa adabu. Kusiwe na kelele.

Mama yake tajiri, ambaye alibaki kuishi nyuma ya jumba hilo na sote tulimwita Bibi, hakupenda. "Mume wangu alijenga hapa kwa mikono yake. Picha yake itakaa wapi?"

Fundi cherehani akajibu kutoka barazani bila kuacha kukanyaga mashine yake. "Mikono yake ilikuwa ikielekeza, Bibi. Mawe alibeba baba yangu."

"Alibeba, akaketi kupumzika," alisema Bibi. "Na ukoo wenu mpaka leo unapumzika hapo."

Walicheka wote wawili. Walikuwa wakitaniana hivyo miaka. Mimi niliona kila mmoja ana haki yake. Mkwe naye akasema picha inafaa sana, picha ni historia, akaichora katikati, ikitazama mlango, na shada la maua shingoni.

Ndipo fundi alipoinuka, akaja kuiangalia karatasi. "Na mimi niko wapi humu?"

Mkwe alimtafuta. Kwa haki yake, alimtafuta kweli, kidole kikitembea juu ya mistari. "Hapa pako pana kioo," alisema mwisho.

"Kwa hiyo mimi ni kioo."

Tajiri, aliyekuwa amekuja kukagua, alimwahidi mahali sokoni. Fundi alitikisa kichwa. "Bwana, mteja wangu anaulizia nguzo. Sokoni hakuna nguzo. Nikienda huko, wenzangu watagawana wateja wangu kama mali ya marehemu, na watoto wangu kule Namatala watakula nini?"

Vioo viliwekwa vivyo hivyo. Fundi alibeba mashine yake, akavuka barabara, akaiweka kwenye ngazi za ghala lililofungwa, akaifunika kwa shuka, akakunja mikono. Hakushona hata kifungo.

Siku ya kufungua shorumu, tajiri akiwa amesharudi Jinja, Bibi aliwasha udi mbele ya picha ya mumewe. Maua yalikuwa mabichi, vitambaa vimepigwa pasi, milango nusu. Watu walianza kuja. Walivua kofia mlangoni. Waliingia kwa kunyata, wakaitazama picha, wakainamisha vichwa, wakaketi kwenye kingo za majukwaa yangu bila kusema neno.

"Unaona?" mkwe alininong'oneza, macho yamemng'aa. "Utulivu unafanya kazi."

Polisi mmoja kutoka kaskazini, kofia kwapani, alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, bwana."

Nilidhani ananihurumia kwa kazi ngumu. Nikamshukuru.

Kisha akaja mama mmoja wa Malukhu na kuku hai na furushi la malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa. Akampa mkwe. Mkwe akauliza ni vya nini.

"Vya wafiwa, mwanangu. Ni nani aliyetutoka? Ni Bibi?"

"Mimi nipo," alisema Bibi kutoka kwenye kiti chake.

Mama yule alishtuka kidogo, akafikiri. "Basi ni tajiri. Maskini."

Hapo ndipo nilipoelewa, ingawa mtu mwenye akili angeelewa asubuhi. Mjini pale duka likifiwa, mlango hufungwa nusu, na fundi wa barazani huifunika mashine yake, asishone mpaka marehemu aondoke. Mashine ya nguzo ya tatu ilikuwa imenyamaza mara moja tu, alipokufa mume wa Bibi. Sasa imefunikwa tena, na ndani kuna vitambaa vyeupe, udi, na picha yenye maua. Tulikuwa tumejenga matanga, na vioo juu yake.

Habari zilifika Jinja kabla ya jua kuzama. Kesho yake tajiri alishuka kwenye gari akakuta baraza imejaa watu wanaomlilia. Mzee mmoja aliyekuwa ameshuka mlimani kwa miguu alimtazama kwa lawama, kama mtu aliyeitwa bure.

Tajiri alivuka barabara. "Wewe ndiye uliyewaambia nimekufa?"

"Hapana, bwana. Waliuliza kwa nini sishoni. Nikasema mahali pangu pamefungwa. Wakauliza bwana yuko wapi. Nikasema sijamwona."

Maneno yote yalikuwa ya kweli. Kama alijua yataenda wapi, nimelipima jambo hilo miaka mingi na mizani yangu hailali upande wowote.

"Funua mashine. Shona."

"Nishonee wapi, bwana?"

Ukawa kimya. Katika kazi ile yote, huo ndio utulivu pekee niliouona uliokamilika. Kisha tajiri akanigeukia. "Toa kioo cha nguzo ya tatu."

"Wazo litakufa," alisema mkwe, na nilimwonea huruma, kwa sababu mistari yake ilikuwa imenyooka.

"Life," alisema Bibi. "Mume wangu hakupenda kimya."

Nilikitoa. Fundi alifagia mahali pake, akaweka mashine, akakanyaga. Mlio ukaingia ndani ya jumba lote, na waombolezaji wakainuka mmoja mmoja, wakajikung'uta nyuzi za vitambaa vyeupe makalioni, wakaanza kuuliza vyerehani vinafanyaje kazi. Viliuzwa kiasi; sitadai vingi. Kuku alibaki, kwa kuwa Bibi hali nyama na kuku wa msiba harudishwi. Alichagua jukwaa la katikati, chini ya picha, akawa analala hapo.

Nilikuwa nafunga vyombo vyangu nirudi Jinja fundi aliponiita.

"Fundi wa mbao. Upande huu wa kushoto upepo unanipiga, sikuwa najua. Huwezi kuniwekea kioo kidogo?"

Nilipima, nikamkatia.