Siku Niliyomwambia Baba Mkwe Atoe Ulimi

Kuna watu huaibika kwa kuteleza sokoni siku ya mvua, na wengine kwa kukoroma kanisani. Mimi niliaibishwa na somo ninalolifundisha kila wiki, tena mbele ya watu ambao nilikuwa nimeenda kuwaomba wanipende. Chekeni tu, nimeshazoea.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule moja hapa Ogembo, kwetu ni Nyamira, na Jumapili hiyo mume wangu mtarajiwa Nyabuto alikuwa ananipeleka kwao Nyamarambe mara ya kwanza. Babake ni mzee wa kanisa la Waadventista, mtu wa maneno machache. Njiani Nyabuto aliniomba jambo moja tu: "Kerubo, tafadhali, wakikuuliza habari ya nyani, sema hujui." Nikasema sawa. (Mwalimu kusema hajui! Lakini nikasema sawa.)

Sebuleni walikuwa wengi: mzee, mama mkwe, shangazi, baba mdogo Onchari ambaye ni ndugu wa mzee, na majirani wa kanisani. Tulipomaliza kula mzee akajipangusa mikono polepole, akaniangalia.

"Mwalimu, tunasikia mnafundisha watoto kwamba mtu alitoka kwa nyani. Ni kweli?"

Nyabuto akanikazia macho. Hapo ndipo ningesema sijui. Badala yake nikasema, "Tata," yaani baba kwa Kigusii, "wacha nikueleze kwa mfano wa chai." Nikamuuliza kama chai ya vipandikizi vilivyotoka kwa mti mmoja inafanana, akasema inafanana kama mapacha, na ile ya zamani ya mbegu? Akasema ile kila mti una tabia yake. Basi nikamwambia ndani ya kila mbegu mna maagizo yanaitwa jeni, nusu ya baba, nusu ya mama, na yanaponakiliwa pengine hutokea badiliko dogo, ndiyo maana watoto hawafanani; sasa kukija kiangazi kikali, miti mingine inakufa, yenye jeni za kuvumilia inabaki na kuzaa, na baada ya vizazi vingi sana shamba lote limekuwa na sura nyingine, na hayo ndiyo mageuzi, na nyani si babu yetu, ni kama binamu wa mbali.

Mzee akajibu, "La chai nimelielewa. La binamu nitaliombea."

Watu wakacheka, mama mkwe akaniongezea nyama, na Nyabuto akapumua, akatoka nje kupokea simu. Ningenyamaza hapo, jamani! Lakini sifa zilikuwa zimenilevya. "Hata hapa ndani jeni zinaonekana," nikasema. "Hebu kila mtu atoe ulimi, aukunje kando kando uwe kama mfereji."

Ngojeni niwakumbushe kwamba sisi Abagusii tuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya baba na mke wa mwanawe, hata kukaa karibu naye kuna mpaka. Na mimi, ambaye hata mahari sijatolewa, namwambia atoe ulimi! Shangazi alijifunika uso kwa leso. Lakini mzee, maskini, alidhani ndiyo masomo, akautoa. Ulikuwa bapa kabisa. Wa mama mkwe pia bapa. Wa baba mdogo Onchari ukajikunja vizuri kama jani changa la chai, akaanza kujisifu.

Shangazi akafunua uso. "Na hawa wawili ambao hawawezi, mtoto wao anaweza?"

Nikajibu kama nasahihisha mtihani: "Hapana. Kwa kanuni ya jeni, haiwezekani."

Nyabuto akaingia wakati huo huo, akakuta watu wazima wametoa ndimi, akacheka, naye akautoa wake. Mfereji safi.

Shangazi alimwangalia Nyabuto, akamwangalia Onchari, halafu akamwangalia mama mkwe. Onchari alifunga mdomo haraka hadi meno yakagongana.

"Tata, pengine kwake jeni ilibadilika," nikaharakisha kusema.

"Yaani mwanangu ana kasoro?" mzee akauliza.

"Hapana, si kasoro! Ni kama ile chai ya mbegu..."

"Mbegu ya nani?" shangazi akauliza.

Mama mkwe akainuka, akakusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai, akaenda jikoni. Nilitoka nikasimama nyuma ya migomba, nikatafuta kwenye simu, na nikaona kwamba wataalamu waliliacha jambo la ulimi kitambo. Hata mapacha wa kufanana kabisa, mmoja anaweza na mwenzake hawezi. Kitabu chetu cha kufundishia ndicho kilichobaki nyuma. Nikarudi, nikamwomba mama mkwe atoke jikoni, nikasema mbele ya wote: "Nimefundisha uongo. Ulimi hauonyeshi mtoto ni wa nani. Mama hana la kujibu, mwenye kosa ni mimi."

Mzee akasema tu, "Tumesikia. Mvua inakuja, nendeni." Tukaondoka bila kuombewa. Katika boma la mzee wa kanisa!

Siku zilizofuata sikulala vizuri. Nyabuto akiulizwa kuhusu mamake anasema hazungumzi. Kisha siku ya soko nikaitwa ofisi ya walimu, nina mgeni. Nikamkuta mama mkwe amesimama katikati ya walimu wenzangu, uso mkavu. Nikajua amekuja kuvunja uchumba.

"Niangalie," akasema.

Akatoa ulimi. Kingo zikatetemeka, zikapanda taratibu, ukawa mfereji. Naibu mkuu wa shule alimwaga chai.

"Nimekuwa nikijifunza nikichuma chai," akasema. "Sabato iliyopita nilimwonyesha shangazi yenu nje ya kanisa, mbele ya watu. Tata yako alicheka mpaka akashika ukuta."

"Mama, nisamehe."

"Yaya, hapana, hakuna la kusamehe, njoo Jumapili, tuombe. Na huyo aliyeandika kitabu chenu mwambie aje Nyamarambe nimfundishe."

Niliolewa boma hilo. Mageuzi bado nafundisha, na jeni pia, ila sasa kila ukurasa nauchunguza kwanza kabla sijaubeba kwenda nao kwa watu. Na nikiwa ukweni, mtu akisifu maelezo yangu, naomba ruhusa nikaoshe vyombo.