Fundi Aliyebaki Koridoni

Mume wa dada yangu ni fundi makochi, na kama umewahi kukaa karibu na fundi makochi wa mtindo wa zamani, unajua kwamba mdomo wake ni sanduku la vifaa. Ile misumari midogo ya kubania kitambaa anaitia mdomoni, konzi nzima, halafu anaisukuma mmoja mmoja kwa ulimi, anauchukua kwa vidole na kuugonga. Mkono mmoja umevuta kitambaa, mwingine una nyundo, misumari ikae wapi? Anayecheka ajaribu. Mimi nilijaribu, nikameza mmoja, na karakana nzima ikawa inanisubiri nitoke chooni kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi.

Kwa ajili ya misumari hiyo, karakana yetu ina adabu yake. Aliye na misumari mdomoni haulizwi swali la maneno mengi. Anaulizwa la kuitikia tu. "Sponji imetosha?" Mmh. "Mteja kapita?" Mmh. Huulizi "kwa nini" wala "ilikuwaje," labda uwe unataka mtu atapike chuma. Shemeji aliizoea lugha hiyo mpaka akabandikwa jina la Bwana Mmh. Lakini misumari ikimwisha alikuwa mtu wa maneno, tena maneno yenye pilipili. Siku aliyokuja kwetu kuposa, mama alimuuliza ana nini cha kumpa binti yake, naye akajibu, "Mama, njaa inaweza kutukuta, lakini itatukuta tumekaa pazuri." Mama alicheka, posa ikapita.

Kisha mtoto akazaliwa.

Hakuzaliwa kwa heri. Dada alipoteza damu nyingi, akakimbizwa chumba cha upasuaji, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua atatoka mtu gani mle ndani. Walitoka wote wawili, yeye na mtoto wa kike mwenye mapafu ya mpiga tarumbeta. Waliporudi nyumbani, watu walijaa sebuleni hadi mlangoni. Dada alipewa pole na hongera. Mtoto alipewa majina ya utani kumi kabla hajafumbua macho. Hata mimi nilipewa hongera kwa ujomba, cheo nilichokipata bila jasho. Shemeji alipewa kazi ya kuleta viti. Shangazi mmoja akampiga begani, "Na wewe hongera baba, ingawa wewe ulikaa tu kwenye benchi!" Nyumba nzima ikacheka. Shemeji naye akacheka, akaenda kutafuta viti vingine.

Baada ya hapo akarudi kazini, na kazi akaipenda kuliko inavyopendeka. Alifungua karakana kabla ya wote, akafunga baada ya wote. Tulipomuuliza, tulimuuliza kwa adabu yetu ileile. "Mama watoto hajambo?" Mmh. "Mtoto anakua?" Mmh. "Analala vizuri?" Mmh. Tukaridhika. Mzee wetu wa kufunga springi, ambaye tunamwita Springi kwa kazi yake na pia kwa kuwa hatulii sehemu moja, alimsifu kabisa. "Mnamwona? Huyo ndiye mwanaume. Kapata mtoto, kakaza mkanda. Sio wewe, Nusu, ulikimbia diploma kama imekudai." Nusu ndiye mimi. Usiulize.

Nyumbani habari ilikuwa nyingine. Jumatano moja nilipita kumwona mpwa wangu nikamkuta dada amekaa kwenye kiti cha plastiki, maana nyumba ya fundi makochi haina kochi. Pembeni ya mlango palikuwa na begi lililofungwa zipu hadi mwisho.

"Unasafiri?"

"Jumapili nahamia kwa mama."

"Kusalimia?"

"Umesikia nimesema kusalimia?" Akamhamisha mtoto bega hili hadi lile. "Shemeji yako hamtaki huyu mtoto. Tangu tumetoka hospitali hajamshika. Hata mara moja. Nikimwambia mshike nioge, anasema mikono ina gundi. Nikisema kanawe, ananawa mpaka maji yanaisha, halafu anatoka nje. Anakuja tukiwa tumelala, anaondoka tukiwa tumelala. Mimi nimeolewa na mlinzi?"

Nikataka kutania, nikaangalia macho yake, nikaacha.

"Labda kazi zimembana."

"Kama kazi zimembana ningesema kazi. Nimemwona akimwangalia mtoto. Anamwangalia kama mtu anayeangalia kitu kinachoungua. Sitaki ugomvi. Kama yeye hatutaki sisi, nitamwondolea usumbufu. Jumapili."

Kesho yake nilikwenda kazini nikiwa nimejaza hotuba ya kumpa. Nilikuwa nimepanga nimwite mkosefu wa shukrani, nimwite na mengine ambayo hayaandikiki. Nikamkuta peke yake nyuma, anabandika sponji kwenye fremu. Alikuwa na brashi, kopo la gundi limefunguliwa, harufu yake inakata pua. Anapaka, anasubiri, anabandika, anakandamiza kwa kiganja. Nikamsalimia.

"Mmh."

Nikamtazama mdomo. Shavu lilikuwa limevimba.

Hapo ndipo hotuba yangu ilipoyeyuka. Sponji hubandikwa kwa gundi. Hakuna msumari hata mmoja unaohusika hadi kitambaa kije, na kitambaa chenyewe kilikuwa bado kwenye roli lake mezani kwangu, kwa sababu mkataji ni mimi na nilikuwa sijakikata. Nikarudisha mawazo nyuma. Juzi alikuwa anapiga msasa miguu ya meza, shavu limevimba. Siku moja kabla alikuwa anafagia. Nani anafagia na misumari mdomoni? Na sisi wote, mafundi wazima, tulipita mbele yake tukiheshimu adabu ya kazi. Mwenye misumari haulizwi. Naye alikuwa ameshajua hilo kabla yetu.

Nikavuta stuli nikakaa mbele yake. "Shemeji, hiyo misumari ya nini?"

Swali hilo halina mmh. Alinitazama, brashi inadondosha gundi kwenye kiatu chake. Kisha akainama, akaitema kiganjani polepole, yote, na midomo yake ilikuwa na vidonda pembeni.

"Dada yako kakutuma?"

"Dada kafunga begi. Jumapili anaondoka."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa. "Afadhali."

"Afadhali nini?"

"Akiwa kwa mama yenu watakuwa salama." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuagiza misumari dukani, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Salama na nani? Wewe ni simba?"

Hakucheka. Akafunika kopo la gundi, akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye fremu. Akaanza kusema, na mwanzoni yalikuja vipandevipande. Siku ile hospitali alikaa kwenye benchi la chuma koridoni. Muuguzi akatoka, akamwambia hali ya mama ni mbaya, ya mtoto pia ni mbaya, ajiandae. Akarudi ndani. Hakusema ajiandae vipi. "Nikajiandaa," Shemeji akasema. "Sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Nikawaza nani nimpigie simu kwanza. Nikawaza watazikwa pamoja au mbalimbali. Nikawaza mama yako nitamwambia nini, kwamba aliyenipa binti yake nimemrudishia nini. Nikamaliza yote. Nikawazika, shemeji. Halafu mlango ukafunguliwa, yule muuguzi anacheka, anasema hongera baba."

"Basi si wamepona?"

"Wao wamepona. Mimi bado niko pale koridoni." Alikuwa anatazama viganja vyake. "Nikimsogelea mtoto mikono inakufa ganzi. Naona nikimshika tu, atakuwa ameshakufa. Nikifumba macho, niko kwenye benchi. Sili, silali. Siku nyingine natamani nilale nisiamke. Sisemi najiua. Natamani tu iishe."

Mimi ni mtu wa mdomo, walimu wangu wote watakuthibitishia, lakini pale niliacha mizaha. Nikamuuliza moja kwa moja kama ana mpango wa kujidhuru. Akasema hana. Nikamwambia siku atakayokuwa nao anitafute mimi kabla ya kutafuta kitu kingine chochote, hata kama nimelala, hata kama nimemwudhi. Akasema sawa. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Niseme kwa nani? Aliyechanwa ni yeye. Aliyemwaga damu ni yeye. Mimi nilikaa tu kwenye benchi."

Nyuma yetu Springi alikuwa amesimama na nyaya zake mkononi. Sijui alifika lini. Nikajua sasa atasema mwanaume halii, maana huo ndio wimbo wake wa kila siku. Akasogeza kikombe chake cha chai karibu na goti la Shemeji, akaondoka bila kusema kitu, jambo ambalo karakana yetu haijawahi kulishuhudia.

"Utamwambia dada leo," nikasema. "Wewe au mimi. Na mimi nitaharibu, unanijua."

Tuliondoka jua likiwa bado juu. Dada alipomwona mlangoni saa zile alidhani kuna msiba. Nikamchukua mtoto, nikataka kutoka naye nje niwaachie nafasi, dada akasema, "Kaa hapohapo, uwe shahidi." Nikakaa. Shemeji alibaki amesimama kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Akasema yote, na benchi, na muuguzi, na mazishi. Alipofika kwenye mazishi dada akamkatiza.

"Ulinizika?"

"Samahani."

"Nikiwa hai?"

"Samahani, mama."

Nilidhani atapiga kelele. Alikunja na kukunjua kona ya khanga. Kisha akasema, "Mimi siku ile siikumbuki."

Shemeji akainua uso.

"Nakumbuka taa, halafu nakumbuka nimeamka koo limekauka. Katikati hakuna kitu. Watu wote wananipa pole kwa kitu ambacho sikukiona. Nilikuwa nimelala kwa dawa. Wewe ndiye uliyekuwa macho." Akamvutia kiti cha plastiki. "Kaa. Niambie ilikuwaje. Taratibu, kuanzia tulipofika getini."

Akakaa. Akaanza kuanzia getini. Hapo nilitoka na mtoto wangu wa mkopo, na safari hii hakuna aliyenizuia.

Ningependa kukuambia kwamba walipomaliza yote yakawa yameisha, lakini mimi nasimulia mtu, siuzi dawa. Jumapili dada hakuondoka, ila begi nalo halikufunguliwa haraka. Wiki iliyofuata walikwenda pamoja kliniki ya mtoto. Muuguzi akampima mtoto, akamuuliza dada analala, anakula, ana huzuni? Dada akamjibu, kisha akasema, "Sasa muulize na huyu maswali hayohayo." Muuguzi alishangaa kidogo, akayauliza. Shemeji akajibu kwa maneno. Mlango wa tatu kwenye jengo hilohilo kulikuwa na mshauri, mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kamba, na tangu siku hiyo Alhamisi ya Shemeji ikawa ya kwake. Siku ya kwanza alitoka macho mekundu. "Nimelia mpaka nimeona aibu," akaniambia. "Yeye akanisogezea tishu tu, akaendelea kuandika." Mwezi ule mshauri akamwelekeza pia kwa daktari, akapewa vidonge vya kutuliza, akavimeza huku akilalamika kwamba vinamkausha mdomo.

Zilikuwepo Alhamisi ambazo hakutaka kwenda, tukamsukuma. Zilikuwepo siku alizorudi nyuma kabisa, akakaa chooni muda mrefu hadi dada akagonga. Lakini akawa anakula. Na alianza kumgusa mtoto kidogo kidogo: kwanza unyayo, mtoto akiwa mikononi mwa dada. Kisha mgongo. Kisha akampakata mtoto, dada akiwa amekaa ubavuni mwake, viwiko vimekakamaa kama amebebeshwa kioo cha dirisha.

"Legeza mkono," dada akamwambia. "Hakuna anayekupima."

Kazini, mteja mmoja alikuja Alhamisi akitaka kochi lake, akang'aka kwamba fundi hayupo. "Kaenda wapi tena?"

"Hospitali," Springi akajibu bila kuinua kichwa.

"Anaumwa nini?"

"Ubaba."

"Huo ni ugonjwa?"

"Kwa waliouanzia koridoni, ndiyo. Kochi lako Jumamosi."

Majuzi mama yetu aliteguka mguu, dada akalazimika kwenda kumwona asubuhi na kurudi jioni. Mtoto alikuwa na mafua, upepo wa njia haumfai. Dada alisimama mlangoni na mkoba, akamtazama mumewe. Hakumwomba. Shemeji ndiye aliyesema, "Mwache." Kisha akanigeukia. "Ila wewe kaa."

Nikakaa. Asubuhi nzima nilikuwa jikoni nimejifanya naosha vyombo, kikombe kimoja nimekiosha mpaka kimeanza kufutika maua. Yeye alikuwa chumbani, godoro limeshushwa sakafuni, mtoto amelala kifuani pake. Kila baada ya muda alimwekea kiganja mgongoni kuhakikisha anapumua. Mchana nikamletea chakula, akala kwa mkono mmoja.

Baadaye akaniita. Nikaenda mbio, sabuni imenijaa mikononi.

"Nini? Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu." Uso wake ulikuwa na jasho. "Shemeji, nenda nyumbani."

"Una hakika?"

"Sina. Nenda tu."

Nikavaa viatu. Nikafunga mlango nyuma yangu, na kabla sijafika barabarani nikasikia mtoto ameanza kulia, kile kilio cha tarumbeta. Nikasimama pale ukutani, mkono mmoja kwenye simu, nikisubiri aniite. Mtoto akalia, akalia zaidi, akakohoa, na katikati ya kilio nikasikia sauti ya Shemeji ikimbembeleza. Nikasubiri.

Hakuniita.