Ujumbe Uliosomwa Kahawani

Walisema siwezi. Mjomba wangu, kaka wa mama tumbo moja, alisema lori litaniua, au nitaliuza kwa bei ya chuma chakavu kabla masika hayajakata. Wazee wa benchi la kahawa pale Bagamoyo walicheka mpaka wakamwaga vikombe. Walisema mtu aliyetoka Maskati na mashati yaliyopigwa pasi hawezi kukaa na watu wa kokoto, watu wanaomalizana kwa nyundo. Mmoja akanipa jina, Injinia wa Vidole, kwa kuwa sikuiacha simu.

Niliwaacha wacheke. Nina stashahada ya kompyuta niliyoisomea Dar kwa jasho langu, na Maskati nilisimamia bohari ambalo wakubwa wangu hawakujua kupanga hata zamu za walinzi mpaka nilipowapangia mimi. Niliporudi nilikuwa na nusu ya bei ya lori. Nusu iliyobaki nilikopa kwa watu, mjomba akiwa wa kwanza, kwa sharti moja: nikishindwa kulipa, lori ni lao.

Kila safari lori lilitoka Bagamoyo asubuhi likiwa na fedha taslimu, likapita Kiwangwa hadi Msata, likakata kushoto kwenda Lugoba kupakia kokoto, likarudi kushusha kwenye ua wangu Kerege. Fedha lazima ziwe mkononi, maana wagonga kokoto hawataki kusikia habari za makato ya simu.

Kwa hiyo nikafanya ambalo wenye malori wengine hawakuwa na akili ya kulifanya. Nilianzisha grupu la kazi kwenye programu ya ujumbe niliyoizoea Maskati. Ujumbe unafungwa kwenye simu ya anayeandika na kufunguka kwenye simu ya anayepokea tu. Hata wenye mitambo katikati hawaoni kitu, na kesho yake unajifuta wenyewe. Humo nilimweka dereva, mpakiaji wake, dada wa mahesabu, na mjomba, kwa kuwa huwezi kuchukua fedha ya mjomba wako halafu umfungie mlango. Kisha nikaenda kahawani kutangaza kwamba duniani hapa hakuna awezaye kusoma mambo ya kampuni yangu.

Wiki hiyohiyo wezi wakamkata dereva wangu.

Walilaza gogo barabarani mbele ya Kiwangwa, penye mashamba ya mananasi. Aliposhuka kulisogeza walitoka majanini na mapanga. Aliinua mkono wa kushoto kujikinga kichwa, na vidole viwili vilibaki pale kwenye lami. Mpakiaji walimpiga kwa rungu mpaka akatapika damu. Hawakupekua lori. Walikwenda moja kwa moja kwenye boksi la vifaa nyuma ya kiti, mahali nilipoandika jana yake kwamba fedha ziwekwe.

Hospitalini nduguze dereva walinibana ukutani. Mmoja alinikaba koo akasema nimemuuza ndugu yao. Nilimwondoa mikono, nikamwambia kama anataka damu aje nami Alhamisi, damu itakuwepo.

Nikaandika kwenye grupu kwamba Alhamisi natuma fedha za safari mbili. Hazikuwepo. Niliendesha lori mwenyewe, na nyuma, chini ya turubai, walilala nduguze dereva na marungu yao. Gogo lilikuwa palepale. Jiwe la kwanza lilivunja kioo na kunitoa jino. Niliyemwona karibu nilimpiga na mlango wa lori usoni, nikamrukia akiwa bado chini. Turubai likafunguka. Wezi walikuwa wengi kuliko tulivyodhani, lakini hawakutegemea watu wenye hasira ya ndugu. Nilisikia mfupa wa mtu ukivunjika, sauti kavu kama ya muwa. Wengine wakakimbia, tukabaki na mmoja.

Watu wa mashambani walifika mbio, tayari wana tairi na petroli. Niliwazuia. Sikuwa na huruma naye hata kidogo, nilitaka aseme. Nilimkanyaga kifua nikamuuliza nani anamwambia mambo yangu.

"Hakuna anayeniambia," akasema, damu ikimtoka puani. "Mimi nakunywa kahawa tu."

Polisi walimchukua akiwa hai. Mimi nilirudi na jino mfukoni. Kesho yake alasiri nikaenda kwa fundi cherehani aliye nyuma ya benchi la kahawa, nikakaa nyuma ya nguo zilizotundikwa, nikaandika kwenye grupu habari ya kawaida.

Macho ya mjomba hayaoni tena maandishi madogo. Nilijua, sikufikiri. Simu yake ilipolia pale benchini aliitoa, akaifungua mwenyewe kwa namba niliyomfundisha, akampa muuza kahawa. Huyo ndiye msomaji wa benchi zima: habari za misiba, salamu za watoto walioko Tanga, majibu ya hospitali. Hakuna anayeona ajabu. Akasafisha koo na kusoma maneno yangu kwa sauti ya mtu anayesoma hutuba: kesho dereva mwingine, fedha nyuma ya kiti.

"Nyuma ya kiti tena," mzee mmoja akasema. "Hajifunzi huyu."

Wakacheka. Kuna kijana aliyesimama akinywa kahawa ambaye hakucheka. Alilipa, akaondoka.

Usiku ule nilimtoa mjomba kwenye grupu.

Alikuja Kerege na bakora yake, wateja wakiwa uani.

"Shikamoo, mjomba," nikasema.

"Sitaki shikamoo yako. Umenitoa. Muuza kahawa amebonyeza, hakuna kitu. Benchi zima limeona hakuna kitu."

Nilimweleza kwamba simu yake ilikuwa inasikika na mji mzima, na kwamba vidole vya dereva vilipotelea hapo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipiga bakora kwenye mtulinga, kando ya shingo, kwa nguvu ambayo sikujua anayo, akainua tena.

"Mimi sina siri na watu wa benchi langu," akasema. "Mwenye siri ni wewe. Fedha yangu kabla ya Ramadhani, au nalichukua lori."

Ile bakora ya pili niliidaka. Ningeweza kuivunja, nguvu ninazo. Nilimrudishia mkononi.

Habari zikaenea, na wengine walionikopesha wakaja kudai, mmoja akiwa na fundi wa kufungua magurudumu. Huyo nilimtoa getini na nyundo ya kilo tano mkononi. Kuanzia hapo sikulala kama watu wanavyolala. Dereva alirudi kazini na mkono wake mfupi, akashika usukani kwa vidole vitatu na kiganja, akanitusi kila nilipomwambia apumzike. Lugoba tulipigania foleni kwa ngumi. Mara nyingine tulipakia kokoto zikiwa na damu yetu. Lakini barabarani hakuna aliyelaza gogo tena, maana saa na njia tulizijua sisi wanne pekee. Wenye malori waliocheka simu yangu walikatwa mapanga msimu huo, wakaja kuniuliza. Niliwafundisha kwa malipo.

Siku mbili kabla ya mwezi kuandama niliwaita wote waliokuwa wakinidai, palepale kahawani, baada ya alasiri. Nilimlipa kila mmoja mbele ya mwenzake. Mjomba alikuwa wa mwisho. Alizitia fedha mfukoni bila kuzitazama, akaninyooshea simu.

"Haya. Nirudishe sasa."

"Mle wamo wafanyakazi tu, mjomba."

"Basi niajiri."

Benchi likaangua kicheko, naye akacheka, na mimi nikacheka na pengo langu. Nikamwambia kazi ipo, kusimamia ushushaji Kerege, ila simu ataiacha nyumbani. Akasema atafikiri.

Simu yangu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa dereva, kutoka Msata. Benchi zima likatega sikio, na muuza kahawa akaweka birika chini. Nilisoma kwa macho, nikairudisha mfukoni, nikaagiza kahawa kwa wote.