Siku Tumbo Langu Lilipopiga Sebene Ukweni

Kuna watu wakipata aibu huisahau baada ya wiki, lakini yangu mimi inaishi Alunguli, ina wenyeji wake kule, na kila nikivuka mto naikuta imekaa inaningoja, kwa hiyo afadhali niisimulie mwenyewe kuliko muisikie kwa wale wanaoongeza chumvi (na chumvi wakati ule wa vita ilikuwa adimu, sijui wao waliipata wapi).

Ilikuwa ile miaka ambayo treni haiji, barabara ya Kalima imefungwa, ya Pangi ndiyo usiseme, na kila kitu hapa Kindu, kuanzia sabuni mpaka sindano za cherehani yangu, kilishuka kwa ndege. Mimi nilikuwa fundi cherehani karibu na soko, kijana, sina mke, na kaka yangu aliyekuwa Goma akanitumia, katikati ya magunia ya chumvi ya mfanyabiashara mmoja, kitu ambacho sikuwahi hata kukiota: lekteri ya CD ya kubeba mkononi, mviringo kama sahani, rangi ya fedha, na waya wake wa kuweka masikioni, na ndani CD moja tu, gitaa tupu, sebene, lile gitaa la kuchezesha watu, mwanzo mpaka mwisho.

Msidhani nilistarehe. Ile mashini ilikuwa na deko kuliko mtoto mchanga. Ukitembea nayo inaruka wimbo, ukipiga chafya inaruka, baiskeli ndiyo kabisa, ilibidi ukae umetulia kama mtu anayepigwa picha. Na mapile! Zile betri mbili zilikufa kabla CD haijafika katikati, na mpya hazipatikani, basi nazianika juu ya bati la nyumba kama dagaa mpaka zishike joto, nazirudisha, zinanipigia wimbo mmoja na kipande, halafu kimya. Siku nyingi niliziba masikio na zile waya mashini ikiwa imekufa kabisa, natikisa kichwa tu ili wateja waone. (Ndiyo, nilikuwa mjinga wa namna hiyo.)

Sasa, ng'ambo ya mto, Alunguli, kulikuwa na binti anaitwa Aziza, mtoto wa Mzee Yuma. Alikuja kwangu kushonesha blauzi, blauzi ikachukua muda mrefu kuliko suti ya bwana harusi, maana kila akija nasema bado mkono mmoja. Mwisho tukaelewana, na wazee wake wakakubali kutupokea Ijumaa baada ya swala. Upande wangu walikuwa wawili: Mjomba Salumu, mtu wa heshima, asiyejua kusema uongo hata kwa mgonjwa, na Shangazi Mwamini, dada wa marehemu baba yangu, mwanamke aliyepewa ulimi kabla ya kupewa meno.

Siku ile nilivaa kanzu ya baba. Tayari niko mlangoni, nikaiangalia ile lekteri juu ya kitanda. Nyumba zilizobaki bila mtu zilikuwa zinaingiliwa, hilo ni kweli, lakini kweli zaidi ni kwamba nilitaka Aziza aisikie, hata nusu ya wimbo, mapile zikishaanikwa kwenye bati la kwao, ajue anaolewa na mtu gani. Nikasema moyoni: nitaibeba. Hakuna mtu aliyenishauri, hakuna aliyenilazimisha, nililisema mwenyewe hilo neno na akili zangu zote.

Kwenye kivuko askari walikuwa wanapekua watu kabla ya kupanda pirogi, ule mtumbwi wa kuvukia. Mjomba alikuwa mbele, akapekuliwa, akapita, akaenda kukaa kwenye pirogi. Mimi na Shangazi bado tuko kwenye msitari, mara nikaona wanamnyang'anya mzee mmoja redio yake, redio ya zamani, imefungwa kwa mpira wa baiskeli, na wanaichukua hivyo hivyo. Nikageuka kando kama mtu anayekohoa, nikaitumbukiza lekteri ndani ya suruali, chini ya kitovu, mkanda ukaibana, waya ukabaki umezunguka kiunoni chini ya kanzu. Nikajiona hodari sana.

"Weye wa kanzu! Kuja hapa," askari akaniita. Akaniangalia tumboni. "Iko nini pale?"

Nilikuwa natafuta neno, neno lolote, nina hakika ningelipata, lakini Shangazi aliwahi.

"Mukubwa, umwache mutoto ya watu," akasema kwa sauti ya msiba. "Njo mushipa, ni mushipa tu."

"Mushipa?"

"Alizaliwa nao, baba. Ukiugusa vibaya, unapasuka."

Askari akarudi nyuma hatua moja. Kisha (maana Mungu hamalizi jambo nusu) akanyoosha kidole akanigonga pale pale, ko, ko.

"Ee! Mbona iko nguvu hivi?"

"Umekomaa," Shangazi akajibu.

Msitari wote ulisikia. Hapa niwakumbushe, kama kuna asiyejua, kwamba kwetu mwanaume akisemwa ana mshipa, yaani ngiri, watu hawafikirii maumivu yake, wanafikiria watoto ambao hatazaa. Nyuma yetu alisimama mama mmoja mnene mwenye bidoni tupu, madumu ya mawese, akanitazama kwa huruma mpaka machozi yakamlenga. Jina lake Mama Asumini, nilikuja kulijua baadaye, nikalijua vizuri sana.

Tukapanda pirogi moja, Mjomba mbele kabisa, sisi na huyo mama nyuma. Katikati ya maji huyo mama akauliza kwa upole, "Munaenda kwa nani vile, na mugonjwa?" Na Shangazi, badala ya kunyamaza, akajinyoosha akasema, "Tunaenda kuposa. Kwa Mzee Yuma." Mama Asumini akafunga mdomo, hakuuliza tena kitu. Ningekuwa na akili ningeogopa. Mama wa sokoni akinyamaza ghafla, kuna maneno anayapanga.

Tuliposhuka, Mjomba akasimama kuosha matope miguuni, mambo ya heshima. Mama Asumini yeye hakuosha kitu. Alipanda ule mlima wa kivukoni na bidoni zake zinagongana, mbio, maana yeye na Mzee Yuma wanatenganishwa na ua wa mabua tu.

Kufika, tukapokewa, lakini mapokezi yalikuwa na harufu. Wazee wameketi mkekani, mimi nikaletewa kiti. Mtu mmoja akasema, "Mumuwekee mto, asiumie." Nikawekewa mto! Bwana harusi mtarajiwa, kwenye kiti chenye mto, kama bibi kizee. Mjomba akaanza maneno yake mazuri ya kubisha hodi, lakini Mzee Yuma akainua mkono.

"Salumu, tuangalie kwanza afya. Tumesikia kijana iko na mushipa."

"Mushipa gani?" Mjomba akashangaa. Yeye alikuwa mbele kwenye pirogi muda wote, hakusikia lolote.

Wote wakamgeukia Shangazi. Nikafungua mdomo nieleze, "Baba, mimi sina..." Shangazi akanifinya paja mpaka nikaruka, akaninong'oneza, "Nyamaza. Nyumba ya jirani wanalala askari." Halafu akawageukia wazee, na mimi nikadhani sasa ataniokoa.

"Ni mudogo tu," akasema.

"Mudogo?" Mlangoni akatokea Mama Asumini, hata kupumua hajamaliza. "Mama, usitupake mafuta! Niliuona na haya macho. Mukubwa kama sahani ya pilau!"

Mjomba akaniangalia kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa. Mzee Yuma akasafisha koo, akasema kwa upole, na huo upole ndio ulionimaliza, kwamba mambo yote ni ya Mungu, kwamba hakuna ubaya, kwamba tuombe dua kijana apate afya, na mengine tutayaangalia siku nyingine. Nikajua imekwisha. Siku nyingine kwa mdomo wa mkwe maana yake ni hapana.

Mikono ikainuliwa. Mimi, kwa unyenyekevu (au kwa kutaka kuficha uso), nikainama mbele sana. Na sasa sikilizeni vizuri. Zile mapile nilijua zimekufa, nilizijaribu asubuhi, hazikutoa hata pumzi, ndiyo maana sikujisumbua kuzitoa. Lakini zilikuwa zimekaa juu ya ngozi yangu tangu kivukoni, na mimi natoka jasho la hofu, joto la tumbo langu likafanya kazi ambayo kila siku nawaachia jua na bati. Nilipoinama, mkanda ukabonyeza kidude cha kuwashia.

Kwanza ikaja sauti kama nyuki ndani ya chupa. Zzzzz. Mzee anayeongoza dua akapunguza mwendo. Halafu, nyembamba kabisa lakini safi, maana chumba kilikuwa kimya, likaanza gitaa. Sebene. Tumboni mwangu. Siku zote ukikohoa tu inaruka, siku ile haikuruka hata nota moja!

"Nani ameweka redio?" mzee akauliza, mikono bado iko juu.

Macho yakaanza kutafuta, yakapita ukutani, yakapita mlangoni, yakashuka taratibu mpaka kwenye kanzu ya baba yangu.

"Yallah!" Mama Asumini akapiga yowe. "Mushipa unaimba!"

Nyuma ya pazia mtu akaangua kicheko, akakizima kwa kitambaa, na nikajua ni nani. Nikasimama, nikageukia ukuta, nikapandisha kanzu, navuta lekteri, waya umejisokota kwenye mkanda, nikivuta waya mkanda unalegea, nikishika suruali mashini inataka kuanguka, na gitaa linaendelea tu halina habari. Nilipoitoa mwisho, nikageuka nikiwa nimeishika kwa mkono mmoja na suruali kwa mkono wa pili. Nikawaeleza yote. Nilisema haraka kama mtu anayekimbia mvua.

Wazee wengine walikuwa wanauma midomo. Mzee Yuma hakucheka.

"Kijana," akasema, "unakuja kuomba mutoto yangu, na neno ya kwanza inafika kwangu njo uongo. Muende. Mukitaka kurudi, mulete kwanza neno ya muganga kama uko muzima ao hapana. Leo mimi sijui niamini tumbo ao niamini mashini."

Tukashuka kivukoni. Nilikuwa nimechoka na kuficha. Lekteri niliibeba mkononi, wazi, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani, na nikasema wakiichukua waichukue, waende nayo, isiniangalie tena. Ng'ambo, alikuwa yule yule askari. Akaniona, akaniangalia tumbo, tambarare kabisa.

"Ee, weye. Mushipa iko wapi?"

Shangazi akavuta pumzi. Nikamtangulia. "Njo hii hapa," nikasema, nikamnyooshea.

Kwa muda kidogo nilifikiri nimejiua. Akaipokea, akaigeuza, akaweka waya masikioni, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena.

"Mapile?"

"Imekufa, mukubwa."

Akawageukia wenzake akapiga kelele, "Muje muone! Huyu muntu alienda Alunguli na mimba, anarudi na lekteri!" Kivuko kizima kikalipuka, askari, wapiga kasia, akina mama wa samaki, hata Mjomba niliona mabega yanatikisika. Halafu yule askari akanirudishia mkononi. "Beba mutoto yako. Na sisi hatuna mapile."

Hatuna mapile! Yaani ningeibeba mkononi tangu mwanzo, ningepita. Usiku huo sikulala, si kwa huzuni, kwa hasira ya kujua hivyo.

Mnafikiri iliishia hapo. Nikaenda kwenye dispensari ya Alunguli, maana Mzee Yuma alimkubali mganga wa kule tu, binamu yake. Ilikuwa siku ya kupima watoto, akina mama wamejaa kwenye baraza. Mganga akanipima kule ndani, vizuri, kwa adabu, nikamshukuru, nafunga suruali, kumbe mjumbe wa Mzee Yuma anangoja barabarani, na mganga badala ya kumwita akafungua dirisha: "Umuambie Yuma, kijana muzima! Hana mushipa! Nimeangalia kila kitu!" Akina mama wakanipigia vigelegele. Nilipita katikati yao nikiangalia vidole vya miguu yangu.

Lakini tulioana. Watoto wetu sasa ni wakubwa, wanatembea na muziki kwenye simu, vidude masikioni havina hata waya, wanaruka, wanapanda pikipiki, wimbo haukatiki, na nikiwaeleza habari za mapile juu ya bati wananiangalia kama nasimulia habari za Nuhu. Aziza ameniambia siku ile nyuma ya pazia hakucheka mashini, alicheka sura yangu. Mama Asumini mpaka leo nikimkuta kivukoni ananishika tumbo mbele za watu na kuuliza habari za mgonjwa.

Mimi nimeapa: kitu changu nitakibeba mkononi mwangu, na neno langu nitalisema kwa mdomo wangu, hata kama ni neno la kijinga. Shangazi Mwamini ni mzee sasa, anakaa kwangu, na hajapona. Juzi tulikuwa sokoni naye, muuza vitambaa akaniona nachechemea, akauliza, "Baba, unaumwa nini?" Nikamwona Shangazi anavuta pumzi, uso unageuka wa msiba. Nikamziba mdomo kwa kiganja, Mungu anisamehe, mzazi wangu yule, nikasema kwa sauti ambayo soko zima lilisikia:

"Kiatu! Ni kiatu tu, kinabana!"