Nishani kwa Aliyechelewa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha polisi mjini Kisii, nilivalishwa nishani. Msinionee wivu. Yalikuwa mazoezi. Sherehe za taifa zilikaribia, na askari waliokuwa watunukiwe walikuwa bado kwenye vituo vyao, kwa hiyo sajenti meja alitafuta watu wa kusimama badala yao, ili kamanda azoee kubandika kile chuma bila kumchoma mtu kifuani. Akanitazama nilivyo mrefu, akasema, "Wewe Kerubo, simama hapo. Na usipumue." Tangu hapo, kila yalipokuja mazoezi waliniita mimi. Natoka mstarini, napiga saluti, nasikiliza sifa za mtu mwingine zikisomwa, nabandikwa, nageuka kulia. Halafu navuliwa.

Nyinyi vijana mnaoingia polisi sasa, mjue nishani haiji hivi hivi. Mkuu wa kituo ndiye hupendekeza jina na kuandika maelezo ya sifa, yaani ile habari fupi ya ulichotenda, inayosomwa mbele ya watu. Kamanda akiridhika, jina hupanda hadi Nairobi. Kwa hiyo kila kitu kiko mikononi mwa yule wa kwanza kushika kalamu. Hapo ndipo wizi hufanyika, na nitauita wizi mpaka siku nitakayozikwa.

Nilipopandishwa cheo kuwa sajenti, nilipelekwa Marani. Huko nilifanya kazi na Konstebo Makori, mzaliwa wa Nyamira, Msabato wa kweli, mtu mpole hadi anakukasirisha. Ijumaa moja jioni tukapata habari kwamba umati umezingira nyumba ya mjane mmoja mzee. Walidai ni mchawi, na walikuja na petroli. Tukakimbia kwa miguu, sisi wawili tu. Mimi niliingia ndani nikamshika yule omong'ina, maana bibi wa watu alitetemeka hata hawezi kusimama. Makori akabaki mlangoni, bunduki begani, mtutu ukiangalia chini.

Chuoni tulifundishwa namna ya kukabili umati: toa onyo, rudi nyuma, onya tena, piga hewani. Makori hakufanya hata moja katika hayo. Aliwasemesha kwa Ekegusii kama mtu aliyekutana na majirani zake sokoni.

"Jua lile linazama," aliwaambia. "Sabato inaingia. Nani hapa anataka kuifungua Sabato akinuka petroli?"

Kijana mmoja akapayuka, "Mimi ni Mkatoliki!"

"Basi wewe, ndugu yangu, utamweleza padri Jumapili. Nenda ukajitayarishe, maana hayo ni maelezo marefu."

Haki ya Mungu, watu walicheka! Mtu akicheka, mkono wake hulegea. Wazee wa kanisa wakaanza kuondoka mmoja mmoja, macho chini. Hapo ndipo jiwe lilipotoka nyuma ya umati, likampiga Makori kwenye jicho. Hakuacha mlango. Hakufyatua risasi. Damu ilimtiririka hadi kwenye mkanda, naye bado akiwaita waliobaki kwa majina yao, akiwaambia warudi nyumbani, mama zao wanawasubiri. Wakaenda.

Uwanja ulipokwisha kuwa mtupu, ndipo Inspekta, mkuu wetu wa kituo, akaja na Land Rover. Akaruka chini, akapiga risasi hewani, pa! pa! Alimtawanya nani? Kuku.

Makori alipoteza jicho lile, na baadaye akaachishwa kazi kwa sababu za kiafya. Kwao Nyamira, watu ambao hawakuwepo wakaeneza kwamba alipigwa kwenye ulevi wa chang'aa. Makori! Mtu ambaye hata chai anayoilima mwenyewe haionji! Watoto wake walirudi kutoka shule wakilia, wameitwa wana wa mlevi. Nikamwambia asijali, nishani itatoka, na siku itakaposomwa, hao wote watafunga midomo.

Mazoezi yakafika, nikaitwa kama kawaida. Msomaji akaanza: "Kwa ushujaa wa kutawanya umati wenye ghasia na kuokoa maisha ya ajuza huko Marani..." Moyo wangu ukajaa. Kumbe haki bado ipo! Kisha akasoma jina. Lilikuwa la Inspekta. Wakati huo kamanda alikuwa ameshaanza kunibandika.

"Afande," nikasema, "hii si yake."

Kamanda akashtuka. "Sajenti, hapa wewe ni msumari wa kutundikia koti. Msumari hauongei."

"Mnyonge mnyongeni, afande, haki yake mpeni. Aliyekuwa mlangoni ni Makori."

"Makori hakupiga risasi hata moja. Ulitaka iandikwe nini? Kwamba aliongea?"

"Ndiyo, afande. Aliongea."

Haikupita muda nikapewa uhamisho hadi Nyamarambe, na huko nikakaa na cheo kilekile hadi nikastaafu. Sijuti. Ila hasira ninayo, na siifichi. Nimesimama badala ya mashujaa wa kweli, wengine nishani zao zilipokelewa na wajane, na hao ninawaheshimu. Lakini jeshi la polisi likizawadia mlio wa bunduki, litapata milio ya bunduki. Aliyezuia watu wasiuane hana kishindo cha kuonyesha, basi husahaulika. Halafu tunashangaa kwa nini vijana wetu wana haraka ya kufyatua.

Mwaka huu wastaafu tulialikwa kwenye sherehe Nyamira. Makori na mimi tuliketi pamoja hemani. Mgeni wa heshima akaingia, tumbo mbele, nishani kwenye koti la suti. Ni yeye, Inspekta. Mwendesha sherehe akapaza sauti, "Tusimame tumpigie makofi shujaa wa Marani!" Hema zima likasimama. Na Makori naye akasimama! Nikamvuta koti.

"Makori, keti."

"Sajenti, ni adabu tu. Mungu aliona."

"Mungu aliona, lakini watoto wako hawakuona. Keti!"

Askari mmoja wa kike akanijia, akainama kwa heshima. "Mama, ni magoti? Nikushike mkono usimame?"

"Magoti yangu ni mazima!" nikamjibu kwa sauti ya gwaride, hadi makofi yakapungua na Inspekta akageuka kututazama. "Sisimami kwa sababu shujaa wa Marani ni huyu hapa, na jicho lake lilibaki kwenye mlango ule!"

Makori alimtazama Inspekta kwa lile jicho moja, kitambo kirefu. Kisha akaketi.