Mnunuzi wa Jumapili

Sioni ubaya wa mtu kujifanya mtu mwingine mbele ya watu wasiomjua. Hata mimi nimefanya. Nilipokuwa msichana, mimi na binamu yangu tulikuwa tukienda Eldoret siku ya soko tukijifanya manesi. Tulivaa viatu vyeupe vya kuazima, tukatembea kwa maringo, tukaongea Kiingereza chetu cha darasa la nne kwa sauti ya kutosha kusikika. Wauza nguo wakituita "sista" tunaitikia kwa kichwa, na tukishatoka mjini tunacheka mpaka tunakaa chini. Siku moja mama mmoja akatufunulia shuka, akatuonyesha mtoto aliyekuwa akichemka homa. Tulimwambia ukweli papo hapo, tukampeleka mpaka lango la hospitali, na mchezo ukaishia hapo. Kwa hiyo raha yake naijua. Najua pia mahali ambapo mtu mwenye utu huacha.

Yule bwana hakuacha.

Ilikuwa miaka ile wazungu walipokuwa wakiuza mashamba. Kaburu tuliyekuwa tukimfanyia kazi alikuwa amekwisha kufungasha nusu ya vitu vyake, na kila Jumapili watu walikuja na magari kutazama shamba. Sisi tulikaa laini, kwenye zile nyumba za udongo za wafanyakazi, na hakuna aliyetuambia lolote. Mnunuzi alikagua ngano, akakagua matrekta na ng'ombe wa maziwa, kisha akaondoka bila kutupa hata salamu. Wenzetu wengi walichoka kungoja. Waliunda kikundi cha kununua shamba upande wa Turbo, na kila jioni mama alimsihi baba auze ng'ombe wetu watatu tupate hisa. Baba alisitasita. Alikuwa amezeekea pale, na watoto wake wawili walikuwa wamezikwa pale.

Ndipo akaja yule. Suti ya kijivu, kofia, gari la kijani linalong'aa, na rafiki yake nyuma akibeba mkoba. Huyu hakuishia kwenye matrekta. Alishuka mpaka laini, akatusalimia kwa lugha yetu ya nyumbani, akakaa kwenye kiti cha baba. Baba alifurahi mno. Akamwuliza lile swali ambalo hakuwahi kupata nafasi ya kumwuliza mnunuzi mwingine yeyote: sisi tutakwenda wapi?

"Mzee, usiwe na wasiwasi," akajibu. "Mimi siwezi fukuza watu wangu. Nyinyi mtakaa tu hapa, na ng'ombe yenu itakula hapa hapa. Hata hizi nyumba nitaweka mabati."

Mama alichinja kuku, mimi nikapika. Kwetu magharibi, firigisi ya kuku ni ya mwenye mji. Akimpa mwanamume mwingine, ameweka mji wake mikononi mwa huyo. Baba aliitoa kwenye sahani yake, akaiweka kwenye sahani ya yule bwana kwa mikono miwili. Mtu aliyezaliwa kwetu hahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Yule bwana alimtazama baba, akamtazama rafiki yake, halafu akaila.

Baba hakuuza ng'ombe. Mama alipotaja Turbo tena, alimkemea mbele yetu, kitu ambacho hakikuwa kawaida yake. Kikundi kikajaa, kikafunga milango. Miezi michache baadaye akapatikana mnunuzi wa kweli, mkubwa fulani ambaye hatukumwona hata kwa macho. Alimtuma msimamizi wake atuambie tuvune mahindi yetu tuondoke. Baba alimweleza yule msimamizi kwamba kuna makosa, kwamba mwenye shamba anajulikana, ana gari la kijani, alikula hapa hapa. Msimamizi alimwona amerukwa na akili. Baba akashuka mjini akawa anazunguka ofisi moja baada ya nyingine akimwulizia mtu ambaye hakuwepo.

Ng'ombe tuliwalisha kando ya barabara mpaka mmoja akagongwa na lori. Wawili waliobaki walichukuliwa na mwenye bucha kwa bei ya kutupa. Tukahamia chumba cha kupanga karibu na mto Sosiani, na baba, katika umri wa kupumzika, akaanza kubeba mbao kiwandani.

Miaka ikapita. Jirani yetu mmoja akatualika harusi ya mwanawe, na mama alikuwa na mafua, kwa hiyo nilikwenda na baba. Tulikaa meza moja na watu tusiowajua. Kati yao alikuwako mwanamume mnene, mchangamfu, anayechekesha kila mtu. Nilimjua kwa sauti kabla sijamjua kwa uso.

"Nilikuwa dereva ya mkubwa fulani," alikuwa akisema. "Jumapili ananiachia gari nioshe. Nikishaosha, navaa koti yake, mimi na rafiki yangu tunaenda kununua mashamba! Wazungu wanatupatia chai na keki. Na wafanyakazi, usiseme! Kuna mzee mmoja alinipatia firigisi. Ati firigisi! Sasa ningefanya nini? Nikakula!"

Watu wakaangua kicheko. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, ya kumvua nguo mbele ya bibi harusi na kanisa zima, na nilikuwa nimekwisha kusimama. Nikageuka kumtazama baba. Baba alikuwa anacheka. Alicheka kama wengine, akapiga meza kwa kiganja kama wengine.

"Na wewe Mzee, ulifanya kazi kwa hao makaburu?" yule bwana akamwuliza.

"Mimi? Hapana," baba akasema. "Mimi niko na shamba yangu huko Kapseret. Nilinunua mapema."

Akaulizwa eka ngapi, akataja. Akaulizwa ng'ombe, akasema ni wa gredi, wanajaza ndoo. Yule bwana akampa mkono. "Wewe ndio ulikuwa mjanja, Mzee," akamwambia, na baba akaupokea ule mkono.

Nikakaa chini. Ningefungua mdomo, meza nzima ingejua mjinga wa ile hadithi ni nani. Nimezeeka sasa na hasira hiyo haijapungua hata kidogo. Yule alijifanya mtu mwingine kwa sababu Jumapili ilikuwa ndefu na gari lilikuwepo. Baba yangu ilimbidi ajifanye ili amalize wali wake bila aibu, na aliyemfikisha hapo alikuwa mbele yake akichokoa meno.

Tuliondoka kabla keki haijakatwa. Nilitembea na baba mpaka tukakaribia nyumbani. Hapo akasimama, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kuniomba kitu, akaniomba nisimwambie mama.